Karatasi ya Binti Fuko

Siku ya matokeo ya Hisabati, Kunguru alipanda tawi la juu la mkuyu ulio ukingoni mwa mashamba ya chai, Giheke, akafungua daftari na kuanza kusoma. Desturi ya shule ile ilikuwa kumtaja kwanza aliyeongoza na kumalizia na aliyeburura mkia, na wanafunzi pamoja na wazazi wao walitakiwa kusimama hadi jina la mwanafunzi lisomwe. Sokwe, aliyekuwa akishuka kila wiki kutoka msitu wa Nyungwe, hakusimama sana: alama 92, herufi A. Jua likapanda, ukungu ukatoka juu ya Ziwa Kivu. Ngedere akasomwa: alama 50, herufi S. Mama yake akapiga vigelegele. Kunguru akageuza ukurasa.

"Binti Fuko. Alama 49. Herufi F. Wa 31 kati ya 46."

Binti Fuko na Ngedere walikuwa wamesoma pamoja mwaka mzima kwa taa moja na kitabu kimoja, maana kitabu chenyewe kilikuwa kimoja. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akaandika. Kesho yake wakabadilishana. Sasa Ngedere alielekezwa upande wa kulia wa mkuyu, kwa wanaopanda darasa, na Binti Fuko upande wa kushoto, kwa wanaobaki. Ngedere alipofika kulia aligeuka akamtazama mwenzake, furaha ikamwisha.

Binti Fuko hakulia. Aliinua uso wake juu, ingawa macho ya fuko hayafiki mbali, akauliza: "Mzee Kunguru, nimekosa wapi?"

Kunguru alilitazama daftari. Lilikuwa na safu tatu tu: alama, herufi, nafasi. "Mwanangu," akasema, "hapa hapajaandikwa." Akaendelea na wa 32.

Shule hiyo wanyama waliijenga kwa kuiga shule za binadamu, ambazo walikuwa wakizichungulia kutoka vichakani, na waliiga kila kitu, hata namna ya kupima. Binadamu wa Rwanda walipokuwa wakijumlisha matokeo ya mwaka wa mwisho wa sekondari kwa jumla ya juu ya pointi 73, Kinyonga, mtunza mizani wa shule, naye alijumlisha kwa 73. Walipohamia 60, akahamia 60. Mwaka 2024 nchi ilipoanza kuyatangaza matokeo hayo kwa asilimia, Kinyonga aliipaka mizani yake rangi upya: kuanzia 80 ni A, kuanzia 75 ni B, 70 ni C, 65 ni D, 60 ni E, 50 ni S, na kila kilicho chini ya 50 ni F.

Itazame ngazi hiyo vizuri, msomaji. Vidaraja vya katikati vimepishana kwa alama tano tano, kama vile kuna mtu awezaye kuhakikisha kwamba mwenye 69 na mwenye 70 ni watoto wawili tofauti. Lakini shimo la F lina upana wa alama hamsini. Aliyepata 49 na aliyepata 3 wanatupwa humo pamoja na kuitwa jina moja. Aliyebakiza hatua moja kufika na ambaye hajaonyeshwa hata njia, wote wanaambiwa neno lilelile, na hakuna kati yao anayeambiwa kesho aanzie wapi. Hapo ndipo hekaya hii inaponiuma.

Mama Fuko alikuwa mchuma chai. Macho yake hayakuwa makali, lakini vidole vyake vilijua majani mawili na kichipukizi kuliko macho ya wengi. Jioni ya siku ile hakumgombeza bintiye. Alimpa viazi vitamu, akamsikiliza, na asubuhi akapanda hadi kwa Korongo, mwalimu mkuu, yule mwenye taji la manyoya ya dhahabu ambaye Wanyarwanda humwita umusambi.

"Jambo, mwalimu."

"Jambo, Mama Fuko. Karibu, keti. Najua kilichokuleta, na ninasikitika. Alama moja! Lakini nikimwongeza mmoja leo, kesho watakuja ishirini."

"Sikuja kuomba alama. Hiyo 49 nimeipokea. Nimekuja kuomba karatasi."

"Karatasi gani?"

"Aliyoandika mwanangu."

Korongo alinyamaza. Katika miaka yake yote ya ualimu wazazi walimjia kuomba alama moja, mbili, hata tano, wengine na vikapu vya viazi mkononi, naye aliwarudisha na vikapu vyao. Karatasi hakuwahi kuombwa na mtu.

"Karatasi za mtihani ziko ghalani kwa Fisi," alisema mwishowe. "Zikishasahihishwa hazitoki tena."

"Kwa nini hazitoki?"

Korongo alifikiri kwa muda, akaona kwamba hajui. Lilikuwa jambo alilolikuta. Akamwambia Mama Fuko alipeleke swali lake barazani, na akaahidi kwamba yeye mwenyewe hatampinga.

Baraza liliketi Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wanyama wakiwa bado na udongo kwenye kwato na makucha kwa kazi ya kuziba makorongo ya mvua. Wa kwanza kusimama alikuwa Fisi, mlinzi wa ghala.

"Mimi ninalinda mtihani," alisema. "Karatasi zikitoka, kila mzazi atakuja na makucha yake kupigania nusu alama. Msahihishaji atatishwa. Majibu yatanakiliwa na kuuzwa. Hamtakuwa na mtihani tena, mtakuwa na soko."

Nataka nimtendee haki Fisi, kwa sababu maneno yake yana uzito. Anayesimamia mitihani ana hofu za kweli. Mitihani imewahi kuibwa katika nchi zetu, na msahihishaji anaweza kutishwa. Ghala lenye kufuli kabla ya mtihani ni jambo jema. Swali la Mama Fuko lilikuwa juu ya kufuli la baada ya mtihani.

Kisha akaitwa Kinyonga. Aliulizwa swali moja: 49 ni kiasi gani?

"Inategemea mwaka, na tawi nililokaa," alijibu kwa upole. "Mimi napewa mpaka, nami napaka rangi. Sijawahi kuiona karatasi yoyote. Naletewa namba."

Baraza likaguna. Mbayuwayu, ambaye huvuka mipaka bila hati ya kusafiria na alikuwa amerudi wiki ileile, akaomba neno.

"Nimetoka Tanzania," alisema. "Huko, katika mtihani wa kidato cha nne, alama kuanzia 45 hadi 64 ni C. Binti Fuko angevuka Kagera na karatasi yake ileile, angekuwa na C, na mama yake angepiga vigelegele. Kidato cha sita 49 ni E, na bado ni ufaulu. Lakini msidhani Watanzania wamepumzika. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ililia. Ikaundwa tume, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo, yakapangwa upya kwa utaratibu wa zamani. Baadhi ya watoto waliolala na sifuri wakaamka na daraja la nne. Karatasi zilikuwa zilezile, na majibu yalikuwa yaleyale. Baadaye wakaacha madaraja, wakaleta wastani wa pointi, na baada ya muda mfupi wakarudisha madaraja. Mwaka 2023, mwezi Januari, baraza lao la mitihani, NECTA, likaacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Hilo nililipenda, kwa sababu lile la kupanga shule mbele ya taifa zima lilikuwa limegeuka mbio za matangazo ya biashara."

"Na Kenya?" akauliza Mbuzi, ambaye mwanawe alikuwa upande wa kushoto.

"Kenya, mwaka 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika mtihani wa kumaliza sekondari. Mwaka uliofuata waliopata A walikuwa 141. Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alikuwa ameziba mianya ya wizi, na wengi waliamini kwamba A nyingi za nyuma zilikuwa za wizi. Wengine walilalamika kwamba usahihishaji ulikwenda mbio mno. Walibishana gazetini, redioni na bungeni. Lakini mtoto wa Kitui au wa Kisumu aliyetarajia B akapata D hakurudishiwa karatasi yake ili ajue kama kosa lilikuwa lake, la mwalimu wake au la haraka ya msahihishaji. Wakubwa walibishana juu ya mtoto, na mtoto mwenyewe hakuwa na kitu mkononi."

Fisimaji, mvuvi wa dagaa waitwao sambaza, akaongeza ya ng'ambo. Yeye hulala upande huu wa mto Rusizi na kuvua upande ule. "Bukavu," alisema, "mpaka ni 50 kama kwetu. Matokeo ya Mtihani wa Taifa yakitoka, vijana waliofaulu hupakana poda nyeupe kichwani na kuimba barabarani. Ni furaha ya kweli, siidharau. Aliyepata 49 hujifungia ndani kwa sababu kichwa chake hakina poda. Sijasikia hata mara moja akiambiwa alikosa swali gani."

"Basi hakuna mahali karatasi inarudi," akasema Fisi, akaanza kuketi.

"Ipo," akasema Mbayuwayu. "Kuna kozi mdogo anayevuka Bahari ya Hindi kila mwaka kuja huku kwetu. Amenieleza kwamba nchini India, mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtahiniwa ana haki ya kuiona karatasi yake iliyosahihishwa, kwa sheria ya haki ya kupata habari. India ina mamilioni ya watahiniwa, na mitihani yao haijafa. Uingereza nako, ninakopita majira ya joto, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuomba karatasi yake akaiona."

Fisi alibaki amesimama nusu.

Ndipo Kobe alipoomba kusaidiwa kupanda jiwe. Hakuna aliyejua umri wake. Baraza lote lilinyamaza, kwa sababu Kobe huongea mara chache.

"Mimi nilikuwa chini ya kichaka nyuma ya darasa la binadamu, kabla ya 1994," alisema. "Nilisikia mwalimu akisema, Wahutu simameni. Wakasimama. Watutsi simameni. Wakasimama. Watwa simameni. Kuna mtoto aliyesimama na kundi lisilo lake kwa sababu nyumbani hakuwa ameambiwa yeye ni nani, akarudishwa kwao kuuliza. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, na sera hiyo waliiita iringaniza. Mikoa ya kaskazini, kwao wakubwa wa wakati ule, ilipendelewa. Nafasi zenyewe zilikuwa chache mno. Mtoto wa hapa Cyangugu alifanya mtihani, akarudi nyumbani akangoja. Alama zake hakuonyeshwa. Jina lilitoka orodhani, au halikutoka. Baba akienda kuuliza, huambiwa mwanao hakufaulu, na hakuna karatasi ya kumhakikishia. Nadhani mnaelewa kwa nini alama zilifichwa. Dhuluma ile isingeweza kuishi siku moja kama kila mtoto angelala na karatasi yake chini ya mto."

Alipumzika kidogo.

"Mwaka 1994 sitausimulia hapa mbele ya watoto. Walionusurika walipofungua shule tena, walifuta kabila kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya darasa. Mtahiniwa akawa namba, na namba haina kabila wala mkoa. Matokeo yakatangazwa waziwazi. Vijana mnaolalamika kwamba mtihani unawafanya muwe namba, nawasikia, lakini namba hiyo ilinunuliwa kwa gharama kubwa, msiidharau. Nawauliza wakubwa jambo moja. Mliitoa alama gizani. Karatasi mmeiacha humo kwa nini?"

Hakuna aliyejibu. Na mimi ninayesimulia nasimama na Kobe. Nimewasikia watu wema wakidai alama zifutwe kabisa, eti zinawaumiza watoto. Mahali pengine duniani pengine hilo linawezekana. Katika nchi ambako alama zilifichwa ili mtoto aporwe nafasi yake bila ushahidi, siwezi kuunga mkono kuziondoa. Alama iliyo wazi ni ngao ya mtoto wa maskini. Ila ngao hiyo imebaki nusu, na nusu iliyokosekana ni kumweleza mtoto alama yake ilitoka wapi.

Mama Fuko alisimama mwisho. Hakuwa mzungumzaji.

"Mimi nachuma chai," alisema. "Nikipeleka kapu langu bandani, linapimwa mbele yangu. Karani akikataa majani, anayamwaga, ananionyesha: hili limekomaa, hili lina vijiti. Kesho vidole vyangu vinajua. Kapu la majani linarudishwa likiwa na maelezo. Mtoto wangu aliyekaa shuleni mwaka mzima anarudishwa na namba."

Akaketi. Na kabla Fisi hajapata neno, ikasikika sauti kutoka upande wa kulia wa mkuyu.

"Na mimi naomba yangu," akasema Sokwe.

Baraza likageuka. "Wewe una 92," akasema Kunguru.

"Ndiyo, na nane sizijui. Kila mtu ananipongeza, lakini hakuna anayeniambia zile nane zilikwenda wapi. Nikienda nazo mbele bila kuzijua, siku moja zitaniangusha mahali ambapo hakuna wa kunishika."

Hapo ikapigwa kura ya mikono, mabawa na mikia, na ghala likafunguliwa.

Walizitandaza karatasi 46 juu ya nyasi na kuziwekea mawe zisipeperuke. Kila mwanafunzi akachuchumaa mbele ya yake. Binti Fuko aliisogeza karatasi karibu na pua. Swali la tatu alikuwa amefuata njia yote sawasawa, hadi mstari wa mwisho, akasahau alama ya kutoa. La tano hivyohivyo. La kumi na moja hivyohivyo. Kosa kubwa lilikuwa moja, limerudiwa mara tatu, na kila mara limemeza alama za swali karibu zote. Maswali ya uwezekano, ambayo darasa zima liliyaogopa, aliyapata yote. "Hiki tu?" akamuuliza mama yake. Kosa la kuondoa kwa siku mbili lilikuwa limehesabiwa kuwa mwaka mzima.

Ngedere aliisoma yake akawa kimya. Ile 50 aliyoipigia mbio ilikuwa imeshonwa kwa vipande alivyovikariri. Ukurasa wa uwezekano ulikuwa mweupe kabisa. Wakati ule hakuna aliyemwambia kwamba alikuwa anapandishwa darasa akiwa na shimo chini ya miguu yake, kwa sababu herufi S ilitosha kumnyamazisha yeye na mama yake na mwalimu wake.

Kisha Sokwe akasema: "Nane zangu ni swali la saba."

"Hata mimi la saba," akasema Mwanambuzi.

"La saba," akasema Binti Fuko, na mwingine, na mwingine. Korongo akaanza kupita kati ya karatasi, shingo imeinama, akihesabu. Watoto 38 kati ya 46 walikuwa wamekosa swali la saba, na 31 kati yao walikosa kwa namna moja. Liliuliza mteremko wa mstari. Watoto wa Giheke, ambao hawajawahi kutembea mahali tambarare tangu wazaliwe, walikuwa wameshindwa kupima mteremko.

Mwalimu Korongo alikaa chini. Ilichukua muda kabla hajasema.

"Mimi nilisomea Kifaransa," alisema. "Mwaka 2008 serikali ilipoamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza, nilianza kujifunza lugha usiku na kufundisha kwayo asubuhi. Walimu wengi wa nchi hii walipita hapo. Neno lililo kwenye swali hili nililifundisha kwa maana nyingine. Nimelifundisha hivyo miaka yote. Watoto hawa waliandika nilichowafundisha."

Hakuna aliyemcheka. Wazazi wengi pale walikuwa wameyaona maisha ya walimu wao, darasa la wanafunzi wengi, kitabu kimoja, lugha inayobadilika, na waliheshimu ujasiri wa mzee yule. Lakini kila mmoja alielewa sasa kwa nini karatasi zilikuwa hazitoki. Karatasi inayorudi haimpimi mtoto peke yake. Inampima mwalimu, inampima mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa akiandika kwamba yote ni mazuri, inampima aliyetunga swali, inampima na aliyeidhinisha kitabu kimoja kwa wawili. Namba ikitoka peke yake, mzigo wote humwangukia mtoto, hata ule usio wake. Fisi hakuwa mwovu. Alikuwa akilinda mlango ambao nyuma yake wakubwa wengi walikuwa wamepumzika, na huenda hata yeye hakujua.

Kinyonga, kwa nia njema, akapendekeza wanafunzi wote waongezwe alama nane na mambo yaishe. Baadhi ya wazazi walishangilia. Mama Fuko alikataa, na kumbuka kwamba alikuwa na la kupata, maana 49 na nane ni 57.

"Mkimpandisha hivyo, bado hajui mteremko," alisema. "Mwalimu, mfundishe tena."

Basi wiki ile Korongo aliwatoa darasani. Aliwapeleka kwenye njia inayoshuka kutoka mashamba ya chai kuelekea ziwani, akawapa kamba na vijiti, akawaambia wapime wameshuka kiasi gani kwa kila hatua kumi za kwenda mbele. Walishuka, wakapanda, wakaandika. Neno la Kiingereza aliwapa mwishoni, baada ya miguu yao kulijua jambo lenyewe. Kisha wakalirudia swali la saba peke yake, likasahihishwa, na karatasi zikarudishwa siku ya pili. Binti Fuko alipata sita kati ya nane. Mbili alizokosa alizijua, na aliweza kuwaambia wengine kwa nini alizikosa. Alihamia upande wa kulia. Ngedere, ambaye hakuna aliyemwamuru, alikuwa amehamia kushoto wiki nzima kujifunza uwezekano, na mwalimu wake alikuwa Binti Fuko.

Kunguru bado anasoma majina. Vyuo vina nafasi zilizohesabika. Chuo Kikuu cha Rwanda hakiwezi kuwachukua wote, na anayegawa nafasi chache lazima awe na kipimo kinachofanana kwa kila mtoto, wa Giheke na wa Kigali. Sioni namna ya kukwepa hilo kwa sasa, na sitamdanganya msomaji kwamba baraza lile lililimaliza. Yaliyobadilika ni mambo mawili. Majina husomwa kwa mpangilio wa alfabeti, hivyo hakuna mtoto anayesimama juani akihesabu wangapi wamempita. Na kila mwanafunzi anapoitwa, hupewa karatasi yake mkononi kabla alama haijatamkwa, na darasa lote hurudi ndani pamoja na mwalimu kupitia swali moja baada ya jingine. Mwanambuzi, aliyekuwa akikatwa alama za nidhamu kwa kuchelewa, aliandika katika ukingo wa karatasi yake kwamba huvuka mabonde mawili kila asubuhi. Mwalimu aliyesoma ukingo huo ndiye wa kwanza kulijua.

Mwalimu unayesoma hapa, uwe Rusizi, Uvira, Kigoma au Kakamega: muhula huu, kabla ya kufunga shule, rudisha karatasi za darasa lako, hata kama ripoti zimeshaandikwa, na uhesabu ni swali gani limewashinda wengi. Anza muhula ujao na swali hilo. Wakuu wa mitihani, mtihani wa taifa ukishatangazwa, mpeni mtahiniwa nafasi ya kuiona karatasi yake bila kumtoza fedha ambazo mama mchuma chai hana. Na wewe mzazi, mtoto akirudi na ripoti, usianze kwa kumuuliza amekuwa wa ngapi. Muulize ni swali gani lilimshinda, na kama hajui, mshike mkono mwende mkaombe karatasi.